Barua ya wazi kwa mawaziri wa biashara na misitu: ushuru wa mbao umeondoka, mpaka umebaki

Kwa Waziri wa Viwanda na Biashara,
Kwa Waziri wa Maliasili na Utalii,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Dodoma.

YAH: MBAO ZA MASHAMBA YA MITI NA SOKO HURIA LA AFRIKA MASHARIKI

Waheshimiwa, salamu kutoka Mafinga.

Mimi ni mkulima wa miti na mchanaji wa mbao. Nina mashamba ya misindano (paina) na milingoti (mikaratusi) kidogo, nina mashine ya kuchania ile tunayoiita dingdong, na sehemu kubwa ya ninachochana hupakiwa kwenye magari ya kwenda Arusha na Moshi, mengine yakavuka hadi Kenya. Siandiki kuomba ruzuku, wala kuomba mnunuzi wa nje azuiwe. Naandika kwa sababu kila nikifungua redio nasikia mkataba mwingine wa soko huria umesainiwa au umeridhiwa, na kila mara sisi wa mazao ya misitu tunatajwa miongoni mwa watakaofaidika. Nataka kuwaeleza, kutoka huku mbao zinakoanzia, faida hiyo inapotelea wapi.

Nianze na lililokwisha. Itifaki ya Umoja wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ilisainiwa Machi 2004 ikaanza kazi Januari 2005. Tangu hapo ubao wa Tanzania unaingia Kenya bila ushuru wa forodha. Tena tulipendelewa: zilikuwa ni baadhi ya bidhaa za Kenya zilizopangiwa kushuka ushuru taratibu kwa miaka mitano kabla ya kuingia kwetu bure. Mwaka 2010 likaja Soko la Pamoja. Mwaka 2018 viongozi wakasaini Kigali mkataba wa Eneo Huru la Biashara la Afrika, na Bunge letu likauridhia 2021. Yote mema. Lakini kwa muuza mbao wa Mufindi anayepeleka mzigo Nairobi, mkataba wa Kigali haukuongeza kitu ambacho hakuwa nacho tangu 2005. Ushuru ukishafika sifuri, hakuna mkataba utakaoushusha zaidi.

Hata lile suala linalowaumiza vichwa wenye viwanda, la kuthibitisha bidhaa imetengenezwa wapi, kwetu ni jepesi. Kanuni za uasili za Jumuiya zinasema mmea uliovunwa katika nchi mwanachama ni mali ya nchi hiyo moja kwa moja. Kabati lenye bawaba kutoka China na bodi kutoka nchi nyingine ndilo linalohitaji hesabu ya asilimia. Msindano uliootea Makete, ukachanwa Makete, hauna hesabu ya kupigwa. Una mama mmoja.

Basi kama ushuru hakuna, na uasili hauna utata, kwa nini ubao wangu unachelewa kufika na ukifika unashushwa bei?

Jibu langu ni karatasi na maji, na vyote viwili vinasafiri kwenye gari moja.

Ubao wa msindano ukitoka kwenye msumeno ni mbichi. Nusu ya uzito wake yaweza kuwa maji. Wengi wetu huku hatuna tanuru la kukaushia. Tunapanga mbao juani kwa siku tunazozimudu, kisha deni la mafuta na la wapakiaji linatusukuma tupakie. Maana yake ni kwamba gari linapotoka Mafinga kwenda Namanga, mpakani na Kenya, mmiliki wake ananilipisha nauli ya kusafirisha maji. Hiyo ni hasara ya kwanza, na hakuna mkataba wa kimataifa unaoitaja. Hasara ya pili ni kwamba ubao mbichi uliobanwa chini ya turubai unaota ukungu wa rangi ya bluu. Ukungu huo hauupunguzii ubao nguvu kwa kiasi cha kutisha, lakini mnunuzi wa soko la Gikomba, Nairobi, akiuona tu anajua ameshika mpini na mimi nimeshika makali. Kila siku ambayo gari limesimama ni siku ya ukungu.

Na gari linasimama. Ili mti nilioupanda mwenyewe, kwenye shamba nililolinunua mwenyewe, uvuke mpaka, nahitaji usajili wa mfanyabiashara wa mazao ya misitu, kibali cha kuvuna, magogo yagongwe nyundo ya alama ya serikali, risiti ya ushuru wa halmashauri, hati ya kusafirisha mazao ya misitu, kibali cha kusafirisha nje kutoka Wakala wa Huduma za Misitu, cheti cha afya ya mimea, cheti cha uasili, na tamko la forodha. Upande wa pili mnunuzi naye anatakiwa awe na kibali chake cha kuingiza mazao ya mimea. Njiani kuna vizuizi vya maliasili, na kila kizuizi kina haki ya kuhesabu upya mbao zilizokwisha kuhesabiwa. Ukikutwa una vipande vichache zaidi ya vilivyoandikwa, hata kama aliyekosea ni mpakiaji aliyekuwa akihesabu saa nane za usiku, mzigo wote unatazamwa kama wa wizi.

Najua chanzo cha ukali huo, na siudharau. Misitu yetu ya asili ilivamiwa. Ripoti ya mwaka 2007 ya TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya wanyamapori na mimea, kuhusu uvunaji wa kusini mwa Tanzania ilionyesha kwamba takwimu za China ziliandika mbao kutoka kwetu mara 10 ya zile zilizoonekana kwenye vitabu vyetu vya mauzo ya nje. Yaliyotokea Rufiji, Kilwa na Lindi miaka ile yalistahili vizuizi, nyundo na hati. Septemba 2015, Tanzania, Kenya, Uganda, Msumbiji na Madagascar zikatia saini Azimio la Zanzibar la kupambana na biashara haramu ya mazao ya misitu, na kweli palihitajika azimio. Mwaka 2022 mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, uliofanyika Panama ukaweka jamii ya mininga na mikongo ya Afrika kwenye orodha ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa. Sina ugomvi na hata moja kati ya hayo. Mninga unachukua miaka mingi kuliko umri wa aliyeukata.

Ugomvi wangu ni kwamba kamba iliyosukwa kwa ajili ya mninga ndiyo inayofungiwa msindano. Msindano haukuwa mti wa hapa. Serikali ilianza kuupanda kwa majaribio shamba la Sao Hill, hapa Mufindi, mwaka 1939, ikapanua kwa nguvu miaka ya 1970, na baadaye sisi wananchi wa Mufindi, Kilolo, Njombe, Makete na Ludewa tukaiga. Wapo walimu wastaafu huku waliotia kiinua mgongo chote kwenye miche. Huu ni mti wa shamba kama chai ilivyo zao la shamba, na chai ya Mufindi haiendi mnadani ikiwa imegongwa nyundo. Mkulima akivuna msindano wake anapanda mwingine kwa sababu ndiyo akiba ya ada za watoto. Mfumo unaomwona kama mshukiwa unamfanya auze mti ukiwa umesimama, kwa dalali anayejua njia za karatasi, na faida ya soko huria inabaki kwa dalali.

Mtasema upo utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo. Upo. Mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani unaweza kuvuka kwa cheti cha uasili kilichorahisishwa, kinachojazwa pale pale mpakani. Ulibuniwa kwa nia njema, kwa ajili ya mama anayevusha magunia ya maharage. Fuso moja iliyoshiba mbao inaweza kukivuka kiwango hicho, na semi ndiyo kabisa. Na cheti hicho kinarahisisha forodha peke yake; vibali vya misitu vinabaki vile vile.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera kuliko karatasi. Tarehe 24 Februari 2018 serikali ya Kenya ilitangaza kusimamisha ukataji miti kwenye misitu yake ya umma na ya jamii. Ilianza kama miezi mitatu, ikaongezwa, ikaongezwa tena, ikafika miaka mitano. Julai 2023 Rais Ruto akatangaza kuondoa zuio, na mahakama ikaingilia kati kabla wino haujakauka. Kila nchi ina haki ya kulinda vyanzo vyake vya maji, na wala siilaumu Kenya. Ninachotaka mkione ni matokeo yake huku. Viwanda vya kuchana mbao vya Kenya vilipokosa magogo, wanunuzi walimiminika Mafinga na Njombe. Walitaka mbao, mirunda, nguzo, chochote. Tukauza. Tukauza hadi miti ambayo haikupaswa kuguswa.

Msindano unatakiwa ukae shambani miaka 18 au zaidi ndipo utoe ubao mpana, wenye nguvu. Soko lilipowaka, watu walivuna miti ya miaka 8 na 10. Ubao wa mti mchanga ni mwembamba, una vifundo vingi, unapinda ukikauka. Lakini kwa kuwa hakuna anayepima daraja, mbili kwa nne ya mti wa miaka 9 na mbili kwa nne ya mti wa miaka 20 zinapangwa rundo moja na kuuzwa kwa bei zinazokaribiana. Mkulima aliyesubiri anajiona mjinga. Hapo ndipo soko huria lisilo na madaraja linapofanya kazi yake kwa ukamilifu: linampa zawadi aliyekata mapema. Mashamba yale yaliyovunwa machanga hayawezi kutoa mbao nzuri leo, hata Kenya ingeomba.

Tangazo moja lililotolewa Nairobi lilibadilisha mashamba ya Nyanda za Juu Kusini kuliko itifaki zote nilizozitaja hapo juu. Na halikupita kwenye meza yoyote ya Jumuiya. Sisi nasi hutenda hivyo hivyo. Tumewahi kulala na utaratibu mmoja wa mazao ya misitu tukaamka na mwingine, mizigo ikiwa njiani. Jumuiya ilitunga sheria ya kuondoa vikwazo visivyo vya kiforodha mwaka 2017. Serikali yenu ina kiti kwenye Baraza la Mawaziri la Jumuiya. Je, ni lini mara ya mwisho mtu yeyote mezani pale aliuliza kwamba nchi moja ikifunga au kufungua misitu yake ya kupandwa, jirani apewe taarifa ya miezi mingapi? Mti haupandwi Jumatatu ukavunwa Ijumaa. Kwa zao la miaka 18, taarifa ya mwaka mmoja si upendeleo.

Niguse na samani, maana ndiko mnakopenda kutuelekeza: "Ongezeni thamani." Tangu Julai 2022 Jumuiya ina ushuru wa pamoja wa asilimia 35 kwa bidhaa kadhaa zinazotoka nje ya Jumuiya, na samani zimo. Hapo kabla zilikuwa asilimia 25. Ni uamuzi mzuri, ingawa kila mwaka nchi moja moja huruhusiwa kuomba isiutumie kwa bidhaa fulani, na maombi hayo hayapungui. Kwa ukuta wa namna hiyo seremala wa Keko, Dar es Salaam, na yule wa Ngong Road, Nairobi, walipaswa kuwa wanacheka. Waulizeni. Seremala wa kabati anahitaji ubao mkavu, unyevu wa asilimia kama 12, usiopinda mteja akishalipa. Sisi tunampelekea ubao unaodondosha maji. Kwa hiyo ananunua bodi iliyotoka nje, maana bodi haimwaibishi. Ukuta wa asilimia 35 unalinda kiti, lakini kiti kinatengenezwa kwa malighafi iliyoruka ukuta. (Kwa hisani yenu, kabla hamjaendelea kusoma, geuzeni kiti mlichokalia mtazame chini yake kimeandikwa nini.)

Pengo liko katikati, kati ya msumeno na randa: kukausha, kupanga madaraja, kutia dawa vizuri. Hatua hiyo haina waziri. Maliasili wanauona mti, Viwanda wanaiona samani. Ubao unaokauka hauna wizara.

Na serikali yetu ikitaka kulinda hatua fulani ya mnyororo, inajua kuomba. SADC, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, ilipoanzisha eneo lake huru la biashara mwaka 2008, Tanzania iliomba na kupewa nafasi ya kuendelea kutoza asilimia 25 kwenye sukari na bidhaa za karatasi hadi 2015. Karatasi, waheshimiwa, ni zao la misitu hii hii. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo kipo wilaya hii hii. Aliyekuwa mezani siku ile alijua kuna kiwanda, kuna wafanyakazi, na kuna miti inayokiendea. Nani anakaa mezani leo kwa niaba ya matanuru ya kukaushia mbao ambayo bado hayajajengwa?

Kuna na la Ulaya. Mwaka 2016 Tanzania ilikataa kusaini Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi kati ya Umoja wa Ulaya na Jumuiya yetu, kwa sababu za kulinda viwanda vichanga. Kenya ikaendelea peke yake. Mkataba wake na Umoja wa Ulaya ulisainiwa Desemba 2023 na kuanza kutumika Julai 2024. Sisi, kama nchi yenye maendeleo duni, tunapeleka bidhaa Ulaya bila ushuru hata bila mkataba huo. Sitaki kufufua ubishi wa nani alikuwa sahihi. Nataka mlitazame jambo moja la kiutendaji: Kenya inafungua mlango wake kwa bidhaa za Ulaya hatua kwa hatua, na sisi tuko kwenye umoja mmoja wa forodha na Kenya. Mpaka wa Namanga utatofautishaje meza ya Kenya na meza iliyopitia Kenya? Huko nyuma karatasi zilikuwa zikiniuliza mimi peke yangu. Safari hii zinapaswa kuuliza upande wa pili pia.

Na kuna sheria mpya ya Umoja wa Ulaya dhidi ya ukataji wa misitu, iliyopitishwa 2023. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, jambo lililowafanya wengi wapumue na kuisahau. Msiisahau. Inataka mbao na samani zinazoingia Ulaya zijulikane zimetoka kwenye shamba gani hasa, kwa vipimo vya ramani, na kwamba shamba hilo halikuwa msitu uliofyekwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Sheria hiyo haijali mpaka wa Namanga. Ubao wangu ukigeuzwa meza Nairobi na meza ikaenda Rotterdam, atakayeulizwa ramani mwishowe ni mimi wa Mafinga.

Hili linaweza kuwa bahati yetu. Mashamba mengi ya miti ya wananchi huku yalipandwa kabla ya 2020, mengi yakiwa kwenye vilima vya nyasi ambavyo havikuwa msitu. Kwa shamba lisilozidi hekta 4, sheria hiyo inaridhika na nukta moja ya ramani. Simu ya kawaida inaipata. Afisa misitu anayekuja kugonga nyundo anaweza kuichukua nukta hiyo siku hiyo hiyo na kuiandika kwenye hati ya kusafirisha. Tukifanya hivyo, ile hati inayotuchelewesha leo inakuwa ndiyo inayotufungulia mlango, na afisa anakuwa na kazi yenye maana kuliko kuhesabu mbao upya chini ya turubai. Tusipofanya, watakuja washauri wa kulipwa kwa dola, na mkulima wa ekari mbili ataachwa nje kwa kukosa kipimo ambacho kingemgharimu dakika tano.

Ninachoomba ni hiki. Tenganisheni mti wa kupandwa na mti wa asili kwenye kanuni za usafirishaji, ili msindano na mlingoti viwe na hati moja inayotolewa shambani, yenye nukta ya shamba na umri wa miti, inayosomwa na kila kizuizi na kutambuliwa na upande wa pili wa mpaka bila kuhesabiwa upya. Acheni ukali wote wa sasa, na mkitaka ongezeni, kwa mninga, mkongo na mpingo. Simamieni daraja moja la mbao kwa nchi zote za Jumuiya, na alama ya shirika letu la viwango, TBS, ikishapigwa, wenzao wa Kenya, KEBS, wasiianze kazi upya, na kinyume chake. Mpelekeni mwakilishi wenu kwenye Baraza la Mawaziri la Jumuiya na pendekezo la muda wa taarifa kabla ya nchi yoyote kufunga au kufungua uvunaji wa mashamba ya miti au biashara yake. Na mkae wizara mbili pamoja, angalau asubuhi moja, muamue nani anamiliki suala la kukausha mbao, kisha benki zielezwe kwamba tanuru ni kiwanda kama kiwanda kingine, likopesheke.

Kuhusu nguzo za umeme, marine board na venia sikuandika, kwa sababu wenye viwanda hivyo wana vyama vyao na wana njia za kuwafikia. Mimi nimesema ya mwenye shamba na mwenye dingdong.

Msimu wa kiangazi barabara za kwenda mashambani hupitika, na Mafinga ina nyumba za wageni za kutosha. Mkipanga kuja, njooni siku ya kazi, msitangaze sana, na mpande gari moja la mbao kutoka hapa mpaka mpakani badala ya kutumia misafara yenu. Dereva atawapa nafasi mbele.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mkulima wa miti na mchanaji wa mbao,
Mafinga, Mufindi.

Nakala:
Katibu Mkuu, Jumuiya ya Afrika Mashariki, Arusha.
Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, Dodoma.
Wabunge wa majimbo ya Iringa na Njombe.